Theluji Ambayo Haikuanguka

Niliombwa kuandika wasifu wa marehemu Mwamini kwa sababu kila mtu kanisani anajua kuwa mimi ndiye mwenye mwandiko. Mchungaji alinipigia simu Jumanne asubuhi, akanipa pole, kisha akasema wasifu usizidi ukurasa mmoja kwa sababu ukumbi wa Weston tumepewa kwa saa tatu tu, na chakula nacho kinataka muda wake. Nikakaa mezani. Alizaliwa Bukavu, nikaandika. Alifika Toronto mwaka 1994, nikaandika. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na hakuna aliyemshinda kupika sombe, kisamvu cha kwao. Yote hayo niliyaandika bila kuinua mkono. Nilipofika pale ambapo kila wasifu hufika, kwenye neno "ameacha", mkono ukakataa. Mwamini aliacha mtu mmoja tu, na ndege iliyombeba mtu huyo kutoka Ufaransa ilikuwa itue kesho yake. Mimi nilikuwa nimeshawahi kuulizwa swali hilo hilo kwenye karatasi, mtu huyu ni nani kwa Mwamini, mwaka 1998. Mara ile nilijibu haraka.

Mwaka ninaousema ulianza Aprili 1997 na kuisha Machi iliyofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimetoka Kigoma, ambako nilikuwa nikikusanyia habari gazeti moja dogo, na tabia ya kazi ile ilikuwa haijanitoka: daftari mfukoni, sikio wazi, tarehe juu ya kila ukurasa. Nilifanya kazi kwa Mzee Nurali, wakala wa safari, mzaliwa wa Mwanza, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la kinyozi kwenye barabara ya Weston. Ulipanda ngazi zenye zulia la rangi ya chai ya maziwa, ukaingia chumba chenye madirisha mawili, taipureta moja, kompyuta moja yenye herufi za kijani, na bomba la joto lililogonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ukutani palikuwa na saa tatu, ya Toronto, ya Nairobi na ya Karachi. Ile ya Nairobi ilichelewa dakika kumi, na wateja walisema ndiyo iliyo sahihi kuliko zote. Niliwakatia watu tiketi za kwenda harusini, matangani, hija, na kuona wajukuu. Sikuwahi, katika miaka yangu yote pale, kumkatia tiketi mtu anayekwenda mahali asipokuwa na ndugu.

Kwa hiyo siku Mzee Nurali alipoingia na bango la shirika la ndege chini ya kwapa, akalikunjua juu ya meza yangu na kulikandamiza kwa stepla pembe moja na kwa kikombe pembe nyingine, sikuelewa. Lilikuwa picha ya kijiji. Nyumba za mbao zilizoungua kwa jua hadi zikawa nyeusi, mapaa ya mawe, mnara wa kanisa kama ncha ya penseli, na theluji juu ya kila kitu. Watoto wake wawili, Rahim na Shirin, walikuwa wametoka likizo ya Machi wamenuna. Wenzao wa shule ya Thornhill walikuwa wamekwenda kuteleza milimani, na Shirin alikuwa amesema mezani, kwa Kiingereza, mbele ya wageni, kwamba likizo za familia yao zote ni sebule za mashangazi.

"Devota," Mzee akasema, "mwakani tunakwenda skii."

"Wapi, Mzee?"

"Ufaransa. Kijiji cha asili. Sitaki yale mahoteli marefu kama mabomba. Nataka nyumba ya mbao, ng'ombe chini, watu juu."

"Na nani yuko huko?"

Akanitazama kana kwamba nimemkanyaga. "Hakuna mtu. Ndiyo raha yenyewe."

Nyumba aliyoitaka ilikuwa ya mama mmoja mkulima, Madamu Josette, aliyekuwa na vyumba sita vya wageni juu ya zizi lake, hana faksi, hajui Kiingereza, na juma lile la Machi lilikuwa limejaa. Mzee alimwandikia barua mara mbili, hakujibiwa. Alimpigia simu mara mbili, akakatiwa. Alipokaribia kukata tamaa, na kuanza kutazama picha za yale mahoteli ya mabomba, nikamwambia kuwa ninaishi na mtu anayejua Kifaransa.

Niliishi na Mwamini katika nyumba ya ghorofa ya tisa, Weston, upande unaotazama mto Humber. Yeye alikuwa na chumba, mimi nilikuwa na chumba, jiko lilikuwa letu sote, na ukuta kati ya jiko na chumba changu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua ugali umeiva kwa kusikia mwiko ukibadili sauti. Alinizidi miaka kumi. Aliniita Bi Karatasi, kwa sababu ya daftari langu, na kwa sababu nilihifadhi hata risiti za nyanya. Zamu yake hotelini ilianza alfajiri ikaisha saa sita. Siku ya kwanza alikuja ofisini bado ana harufu ya sabuni ya shuka, kilemba kimemkaa upande, mkononi sahani ya ndagala wa kukaanga, ambao mimi na Mzee tunawaita dagaa, iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akaketi, akapiga namba. Kwetu ilikuwa saa saba mchana. Kule jua lilikuwa linazama na Madamu alikuwa jikoni.

Nilichokiona siku ile nilikiandika, na daftari bado ninalo. Mwamini hakuuliza chumba. Alimsalimu. Alijitaja jina, akataja mji wake, akauliza Madamu ameamkaje, nyumba yake imeamkaje, mume wake je. Upande wa pili likaja neno moja, kisha mawili, kisha mkondo. Mume alikuwa na kikohozi. Magoti ya Madamu yalimsumbua kwenye ngazi. Palikuwa na ng'ombe mwenye mimba, naye alikuwa mkaidi. Mzee Nurali alikuwa anazunguka meza, kidole juu.

"Vyumba vitatu! Mwambie vyumba vitatu!"

Mwamini akafunika simu kwa kiganja. "Mzee, miye bado niko kwa magoti yake."

"Hiyo simu ya ng'ambo, mama!"

"Basi weye zungumza naye."

Mzee akakaa. Simu ikaisha bila vyumba kutajwa hata mara moja. Alipoulizwa sababu, Mwamini alisema mtu haombi mahali pa kulala kwa mtu ambaye hajui kama ameamka salama. Alipiga tena baada ya majuma mawili, kuuliza kikohozi. Alipiga mwezi wa sita, na ng'ombe alikuwa amezaa. Siku hiyo Madamu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Wale Wahindi wako wanataka vyumba vingapi?" Kumbe juma lililojaa halikuwa limejaa sana. Akatoa vyumba vitatu, na akasema kipo kingine kidogo nyuma ya bomba la moshi, chenye joto kuliko vyote, hicho ni cha Mwamini, kwa maana yeye Madamu hawezi kupokea watu wasiojua Kifaransa, wanaopunga mikono tu.

"Amesema nini? Amesema nini?" Mzee alisimama.

"Amesema niende nanyi."

Mzee Nurali alikuwa na haraka katika mambo madogo na wepesi wa moyo katika makubwa. "Bas," akasema, "utakwenda. Tiketi yako juu yangu. Utakuwa mkalimani." Mwamini akaweka kiganja mdomoni, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilidhani ni furaha ya safari. Niliandika: *Mw. amefurahi sana*. Jioni, tukila, ndipo aliponieleza. Chini ya kijiji kile, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, uko mji wa Chambéry, na katika mji ule, katika bweni la watawa, alikuwapo binti yake Riziki. Alimwacha Bukavu kwa watawa akiwa na miaka kumi na moja. Vita vilipowaondoa watawa, walimchukua, wakampeleka kwao. Sasa alikuwa na kumi na minne. Mwamini alikuwa ameomba aletewe Canada, na maombi yalikuwa yamelala katika ofisi fulani, hakuna aliyejua kabati gani. "Mzee anasema anaenda mahali hana ndugu," aliniambia, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe ndugu ni miye niko naye."

Hivyo safari ya raha ya familia moja ikawa na safari ya mtu mmoja ndani yake. Ninapoitazama sasa naona kuwa ofisi nzima iliendeshwa na ile ya pili, ila hatukuisema. Mzee alinipa kazi ya kupanga kila kitu, nami nikafungua faili la kijani lenye vigawanyio: ndege, treni, basi, vyumba, vyakula, mavazi, viza. Kigawanyio cha vyakula kilitupa taabu, kwa sababu kila alichopika Madamu kilikuwa na nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vidogo na kufichwa ndani ya viazi na jibini. Mwamini alimweleza kwamba wageni wake hawali. Madamu akanuna. Kisha Mwamini akamuuliza mama yake mzazi alikuwa akipikaje siku za mfungo, na Madamu akakumbuka kuwa mama yake alipika viazi vile vile bila nyama, kila Ijumaa, na kwamba vilikuwa vitamu zaidi. Mwezi wa kumi na moja Mzee alinunua viatu vya skii, akavivaa ofisini ili avizoee, akatembea juu ya zulia kama mtu aliyekanyaga ndoo mbili. Kinyozi wa chini akapanda kuuliza kama tunahama.

Mwamini alimtazama kwa huruma. "Mzee, ukifika huko juu, unafanya nini?"

"Unateleza hadi chini."

"Na ukifika chini?"

"Unapanda tena."

"Halafu?"

"Halafu unateleza."

"Sasa hiyo," Mwamini akasema, "unamfanyia nani?"

Hata Shirin, aliyekuwa amekuja na chakula cha mama yake, alicheka, na akamjibu kwa Kiswahili, mara moja tu mwaka ule mzima: "Unajifanyia mwenyewe, auntie." Tukala kuku wa nazi wa mama yake pamoja na ndagala wa Mwamini, juu ya bango la kijiji, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa na mduara wa mafuta juu ya mnara wa kanisa.

Januari Mwamini alinunua koti. Lilikuwa la buluu, la mitumba lakini zito, lenye kofia. Hakujua Riziki amekuwa wa kimo gani, hivyo Jumapili mbili mfululizo, baada ya ibada, aliwavalisha wasichana wa kanisa wenye umri ule, mmoja mmoja, akawageuza, akavuta mikono ya koti, akarudi nyuma kutazama. Alikuwa akitafuta kimo cha mtoto wake katika watoto wa wenzake. Akaridhika nalo, akalikunja, akaliweka chini kabisa kwenye mkoba. Mkoba ulikaa wazi kando ya kitanda chake kuanzia siku hiyo.

Ndani ya mwezi huo huo, alasiri moja ya Jumamosi, Mama Odette wa kanisani alikuja kumsuka. Walikaa jikoni. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, nimejilaza, sijalala. Nililisikia chanuo likigonga meza, nikasikia Mwamini akisema taratibu habari za dada yake mkubwa, Furaha, jinsi alivyojifungua katika zahanati isiyo na dawa, jinsi alivyomwita mdogo wake na kumwekea mtoto kifuani. "Aliniambia, ni wako. Hakusema umulee. Alisema ni wako. Saa ile ile akaenda." Mama Odette akasema, "Na mtoto anajua?" Mwamini akasema, "Anajua nini? Miye ndiye mama." Kisha chanuo likaendelea. Nilifungua daftari nikaandika. Niliandika kwa sababu nilisikia, kama mtu mwingine anavyookota kifungo njiani.

Fomu ya viza ilikuja mwezi wa pili. Mwamini alikuwa anafanya zamu mbili ili apewe lile juma, na asubuhi moja, mlangoni, kiatu kimoja kimevaliwa, aliitia sahihi ikiwa tupu, akanirudishia. "Bi Karatasi, jaza. Weye ndiye mwenye mwandiko." Nikaipeleka ofisini, nikaiweka kwenye taipureta, nikaijaza kwa raha, herufi baada ya herufi, kila neno katikati ya kisanduku chake. Mahali fulani waliuliza: je, una ndugu nchini unakokwenda? Jina. Umri. Uhusiano. Niliandika Riziki, niliandika umri, kisha nikasimama. Nilikuwa najua jambo ambalo sikuambiwa. Nikajishauri kwamba maofisa hugundua kila kitu, kwamba ukweli haumwangushi mtu, kwamba ninamkinga. Nikachukua kamusi ya Kifaransa, nikatafuta mtoto wa dada, nikalipiga neno lile. Lina herufi tano. Ningeweza kumwuliza jioni ile ile, jiko lilikuwa hatua sita kutoka kitandani kwangu. Sikumwuliza kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nilisikiliza.

Nyuma ya fomu nilibana barua ya Madamu Josette, ambamo alithibitisha kwa mkono wake kwamba atampokea Mwamini. Kifaransa changu hakikutosha kuisoma. Niliipiga tarehe, nikaipa namba, nikaibana sawasawa na ukingo wa juu. Katika barua hiyo, nilikuja kujua baadaye, Madamu aliandika, kwa wino wa zambarau, kwamba chumba cha nyuma ya bomba la moshi ameongeza kitanda cha pili kwa ajili ya binti ya Mwamini. Karatasi mbili ndani ya klipu moja, moja inasema hivi, nyingine vile, na mimi ndiye niliyezipanga.

Walimwita kwenye dirisha la viza siku mbili kabla ya safari. Aliporudi nilikuwa jikoni, namenya vitunguu. Alivua kilemba, akanawa mikono, akachukua kisu mkononi mwangu akaendelea kumenya yeye.

"Walikataa," akasema.

"Kwa nini?"

"Bwana aliniuliza, Riziki ni nani wako. Nikamwambia ni mtoto wangu. Akageuza karatasi, nikasoma." Kisu kilikuwa kinakwenda sawa tu. "Akaniuliza tena. Nikamwambia ni mtoto wangu. Akasema, basi mama, moja katika hizi mbili ni uongo."

Angeweza kumweleza yule bwana habari za Furaha, pengine angesikilizwa. Nadhani hilo lilikuwa jambo moja ambalo hakuwa tayari kulitoa kinywani mwake, hata kwa viza. Alimaliza kitunguu cha pili ndipo aliponitazama.

"Devota," akasema, na hakuwa na kawaida ya kuniita jina, "siku ile Mama Odette alinisuka hapa, ulikuwa macho?"

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Basi ni mashine," akasema. "Mashine inaandikaka vitu vyake." Hatukulizungumza tena kwa miaka ishirini na saba.

Kesho yake mchana alikuja ofisini kama kawaida, akaomba simu. Mzee Nurali, ambaye aliamini kuwa ni ofisa tu aliyeamka vibaya, alikuwa amepiga simu kila mahali tangu asubuhi, hata machozi yalimlenga, akatoka nje kutuachia nafasi. Mwamini alipiga bwenini. Alingoja mtoto aitwe kutoka kwenye masomo ya jioni. Mimi nilikuwa mezani kwangu, nikijifanya napanga vocha. "Mama," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita binti yake, "mama, sikia. Theluji. Theluji imefunga uwanja wa huku. Ndege haziruki. Hapana, hata kesho. Imekuwa mingi, mama, imefika madirishani." Nilitazama nje. Jua lilikuwa kali, barabara ya Weston ilikuwa kavu, na maji ya theluji ya mwisho yalikuwa yanadondoka kutoka paa la duka la ng'ambo, tone baada ya tone. Nilielewa kwa nini alichagua theluji. Angesema amenyimwa viza, mtoto angeuliza sababu, na sababu ilikuwa kwamba karatasi inasema si mtoto wake.

Familia ya Mzee iliruka Jumamosi. Walirudi baada ya siku kumi, wamebabuka pua, Rahim ana bendeji ya kifundo cha mguu, Shirin anazungumza kama kasuku. Mzee alikuwa ameteleza mara moja, mita arobaini, akakaa chini. Alileta jibini nzima kama gurudumu, na kwa ajili ya Mwamini alileta soksi nyekundu za sufu, jozi mbili, moja kubwa na moja ndogo, alizozifuma Madamu mwenyewe. "Alilia, Madamu," Mzee aliniambia tukiwa wawili. "Kila chakula aliweka sahani mbili za ziada." Kisha, akivua koti, akakumbuka. "Halafu Jumatatu tunakula, mlango ukafunguka. Msichana mmoja Mwafrika, mwembamba, na kibegi. Akamuuliza Rahim, nyinyi ndio wa Toronto? Rahim akasema ndiyo, tumefika jana. Akasimama pale, anatutazama mmoja mmoja kama anatuhesabu. Nikamwambia karibu, kula, kwa Kiswahili, sijui kwa nini Kiswahili. Akafunga mlango. Madamu katoka jikoni, kakimbia na magoti yake hadi kituoni, basi limeondoka. Wewe unadhani alikuwa nani?"

Nilijua alikuwa nani. Nikamwambia Mzee asimtajie Mwamini, asimwongezee majonzi, na Mzee, aliyeniamini katika mambo ya busara, hakumtajia. Nilimpa Mwamini soksi. Zile kubwa alizivaa kazini hadi visigino vikaisha. Koti la buluu alimpa binti wa Mama Odette. Maombi yake ya kumleta Riziki hakuyafuatilia tena. Aliogopa karatasi zile mbili zisije zikaifikia ya tatu, ile ya maombi. Alingoja uraia, akangoja pasipoti, na mwaka 2004 akaenda mwenyewe. Alirudi baada ya juma moja. Nilimwuliza mtoto hajambo. "Hajambo," akasema. "Ana adabu nyingi. Alinipokea kama mgeni wa serikali." Hivyo ndivyo walivyokaa hadi mwisho: simu ya Krismasi, simu ya Pasaka, adabu nyingi.

Riziki alifika Jumatano. Ni muuguzi, ana miaka arobaini na ushee, ana mabega ya Mwamini na namna yake ya kuvua viatu bila kuinama. Nilimpikia ugali na samaki. Alikula kwa mkono, haraka. Wasifu ulikuwa mezani, kando ya bakuli la kunawia. Akafuta vidole, akauvuta, akausoma hadi kidole kilipofika kwenye neno la mwisho.

"Tantine, umesimama hapa," akasema. Ananiita hivyo, kama kwao wanavyomwita shangazi.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akakunja midomo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza dawa ziko kabati gani: "Mwaka ule wa skii, uwanja wenu ulifungwa kweli?"

Hakuningoja nijibu. Akaniambia alikuwa na tiketi ya basi tayari, akadhani ndege imechelewa tu, akapanda kwenda kijijini Jumatatu. Barabara ilikuwa imefagiliwa hadi mlangoni. Akaona watu wa Toronto wanakula viazi. "Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikajua ndege iliruka, yeye ndiye hakupanda. Nikasema sawa. Mtu akikosa hamu, huwezi kumlazimisha."

Faili la kijani liko kabati la juu, upande wa kushoto. Nilipanda kiti. Nilijua kwamba nikishuka na karatasi zile, ninamrudishia mama aliyetaka kuja, na kwa mkono huo huo ninamwambia kuwa si yeye aliyemzaa. Nilikuwa nimewahi kuamua jambo hili peke yangu, nimeinamia taipureta, na sasa niko juu ya kiti, na Mwamini hayupo tena hatua sita kutoka kwangu wa kuulizwa. Nilishuka. Nikaweka kwanza barua ya Madamu, ya wino wa zambarau, waliyoirudisha walipomkataa Mwamini, kisha nakala ya fomu.

Alisoma barua akatabasamu kidogo. Alisoma fomu. Akarudi kwenye barua, kisha kwenye fomu.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi. Alitia sahihi ikiwa tupu. Nilisikia ukutani akimweleza mtu, nikaandika. Aliponiuliza kama nilisikia, nikasema nilikuwa nimelala. Na Mzee aliponiambia ulifika mlangoni, nikanyamaza."

Bomba la joto la siku hizi haligongi. Mwishowe akasema, "Nilijua." Nikadhani ananisema mimi. "Bibi alinipeleka kaburini kwa Mama Furaha nikiwa na miaka minane. Akaniambia, usimwambie Mwamini kama unajua, utamuvunja. Sikumwambia." Aliweka kidole juu ya lile neno la herufi tano, akalifunika lote. "Kwa hiyo alitaka kuja."

"Mkoba ulikuwa wazi tangu Januari. Alikununulia koti la buluu."

"La ukubwa gani?"

"Alikisia. Aliwavalisha wasichana wa kanisani, mmoja mmoja, Jumapili mbili."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa juu ya meza, kati ya sahani. Sikumgusa. Sikujiona kuwa na mkono wa kumgusa nao. Alipoinuka hakuniambia nimekusamehe, wala sikuomba. Alichukua kalamu yangu, akavuta wasifu, na baada ya "ameacha" akaandika kwa mwandiko wa kiuguzi uliolala upande: *mtoto wake, Riziki*. Akaweka nukta.

"Hizi naweza kuchukua?" akauliza, akimaanisha barua na fomu.

Katika maisha yangu hakuna karatasi iliyotoka kwenye faili langu bila nakala, na mashine ya nakala iko hapo hapo, kando ya mlango. Nilimpa zote mbili. Akazikunja pamoja, akazitia kwenye mkoba wake. Sikubaki na nakala.